MERIKEBU YA MIZINGA 74: PLANI NZURI NA WATU WA KUITUMIA



Tarehe 2 desemba 1949, katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, Waingereza walizamisha kwa kusudi merikebu moja ya zamani ya mbao. Ilikuwa na umri wa miaka 149 tangu kuingia majini. Walitia baruti ndani yake, wakaivuta mpaka mahali pa maji mengi, wakaipasua. Siku ile ilikuwa imebeba bendera mbili pamoja: bendera ya Uingereza na bendera ya Ufaransa. Watu wengi Uingereza walisikitika sana.

Juu ya nini merikebu moja kubeba bendera mbili? Na juu ya nini kusikitika kwa ajili ya mbao kuukuu?

Jina la kwanza la merikebu hiyo lilikuwa Duguay-Trouin. Ilikuwa moja kati ya merikebu zaidi ya mia moja zilizojengwa kwa plani moja tu, plani ya Mfaransa mmoja jina lake Jacques-Noël Sané. Katika kilasi cha historia tunajifunza majina ya wafalme na majemadari, na tarehe za vita. Lakini mara chache tunauliza: vile vyombo vya vita vilijengwa namna gani? Mizinga (ni kusema makanoni) iliwekwa wapi, na juu ya nini pale na si pahali pengine? Leo tutauliza maneno hayo. Tutaona kwamba hesabu na fizika ya kilasi chetu zilikuwa ndani ya ile merikebu. Tena tutaona mambo mawili ambayo plani nzuri peke yake haiwezi kuyafanya.

I. KUPIGANA KATIKA MSTARI

Kwanza tufahamu ginsi walivyopigana baharini wakati wa matanga. Merikebu ni ndefu na nyembamba. Mizinga yake karibu yote inatazama ubavuni, upande wa kuume na upande wa kushoto. Mbele iko mizinga michache, nyuma vile vile. Kwa hiyo merikebu ikitaka kupiga kwa nguvu yote, ni lazima imwonyeshe adui ubavu wake.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1650 hivi, merikebu za vita zilijipanga moja nyuma ya ingine, sawa na wanafunzi wanaoingia kilasi. Adui naye akajipanga hivyo hivyo, na mistari miwili ikapigana ubavu kwa ubavu. Merikebu yenye nguvu ya kutosha kusimama pale iliitwa "merikebu ya mstari".

Sasa angalia shida inayotoka hapo. Kama katika mstari iko merikebu moja zaifu, pale ndipo adui atakapopenya. Kama iko moja inayokwenda polepole, zote ni lazima ziingojee. Basi serikali haikutafuta merikebu moja ya ajabu. Ilitafuta merikebu nyingi zinazofanana, zenye nguvu sawa na mwendo sawa.

II. JUU YA NINI 74?

Watu walijaribu namna nyingi. Merikebu kubwa kabisa ilikuwa na etaji tatu za mizinga, yote pamoja 100 na zaidi. Ilikuwa sawa na boma linaloelea. Lakini bei yake ilikuwa kali mno, ilikula miti mingi na watu wengi, na mwendo wake ulikuwa mzito. Falme zilijenga chache tu.

Merikebu ndogo ya mstari ilikuwa na mizinga 64 au pungufu. Hii ilikuwa rahisi kwa bei, lakini masasi yake yalikuwa madogo, na mbavu zake hazikuvumilia masasi ya merikebu kubwa.

Katika miaka ya 1740 mafundi wa Ufaransa walipata njia ya katikati: merikebu ya etaji mbili tu, lakini ndefu kupita zile za zamani, yenye mizinga 74. Kwa kuwa ilikuwa ndefu, iliweza kupanga mizinga mikubwa mingi katika etaji ya chini. Kwa kuwa haikuwa na etaji ya tatu, haikuwa nzito upande wa juu. Moja yao iliitwa Invincible, ni kusema "isiyoshindika". Waingereza waliikamata mwaka 1747! Wakaipima kila pahali, wakastaajabu, na baadaye wao pia wakajenga merikebu zao za mizinga 74. Basi mnamo mwisho wa karne ile, merikebu ya 74 ilikuwa ndiyo nyingi zaidi katika mistari ya mataifa yote mawili.

III. PLANI YA SANÉ

Sané alizaliwa mwaka 1740 katika mji wa bandari wa Brest, akafa mwaka 1831. Wafaransa walimpa sifa ya kumwita "Vauban wa jeshi la bahari", kwa kumlinganisha na yule mjenzi mkubwa wa maboma.

Kabla yake, kila fundi katika kila bandari alijenga kwa kipimo chake mwenyewe. Ikiwa mlingoti wa merikebu moja umevunjika, mlingoti wa merikebu ingine haukuingia. Ni sawa na fundi wa viti asiyekuwa na kipimo kimoja: mguu wa kiti hiki hautafaa kwa kiti kile, na kila kiti kikiharibika ni kazi mpya. Mwaka 1782 Ufaransa ilikuwa inapigana na Uingereza kwa kusaidia Waamerika katika vita vyao vya uhuru. Waziri wa jeshi la bahari, Castries, pamoja na mwana-hesabu Borda, walitaka plani moja kwa kila ukubwa. Mwishoni zikawa tatu: merikebu ya mizinga 118, ya 80 na ya 74. Zote tatu zilitoka mkononi mwa Sané.

Merikebu ya kwanza ya plani ya 74 iliitwa Téméraire, kwa hiyo jamaa yote ikaitwa kwa jina hilo. Kati ya 1782 na 1813 merikebu karibu 120 za jamaa hii ziliagizwa, zingine katika bandari za nchi ambazo Napoleon alikuwa amezitwaa. Chache zilifutwa kabla ya kumalizika. Hakuna plani ingine ya merikebu kubwa za vita za matanga iliyojengwa mara nyingi hivi.

Vipimo vyake ni hivi:
- urefu: karibu metre 56 (zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira);
- upana: metre 14 na nusu;
- kuzama ndani ya maji: metre 7 hivi;
- uzito wote pamoja na mzigo: karibu toni 3,000;
- milingoti mitatu, na matanga yenye eneo la karibu metre za mraba 2,500;
- watu: karibu 700.

Watu 700 katika nyumba ya metre 56! Walilala katika vitanda vya kitambaa vilivyofungwa kwa kamba, kati ya mzinga na mzinga.

Kwa kujenga moja, walikata miti ya mwaloni kati ya 2,000 na 3,000, mingi yake yenye umri wa miaka mia. Chini kabisa walilaza mkuku, ndiyo ule mti mrefu unaobeba chombo chote sawa na uti wa mgongo. Juu ya mkuku walisimamisha mataruma, ndiyo mbavu. Halafu wakapigilia mbao nje na ndani. Milingoti ilikuwa ya msonobari, na mirefu ililetwa kutoka nchi za kaskazini. Mwishowe sehemu ya chini ilivikwa mabati membamba ya shaba nyekundu, ile shaba inayojulikana sana katika nchi yetu. Juu ya nini shaba? Kwa sababu bahari iko na mdudu anayetoboa mbao, na majani ya bahari yanashika chini ya chombo na kukizuia kwenda mbio. Juu ya shaba hivi viwili havistawi.

IV. UZITO UKAE CHINI

Hapa tufikie fizika. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua: mtu akiweka magunia ya mihogo chini kabisa katika mtumbwi, unatulia. Akiyapanga juu juu, au watu wakisimama, wimbi dogo tu linaupindua. Merikebu ya vita ilikuwa na shida hiyo hiyo, lakini mzigo wake ulikuwa chuma. Mzinga mkubwa mmoja wa merikebu hii ulikuwa na uzito wa karibu toni 3 na nusu.

Sané na wenzake walifanya mambo matatu.

La kwanza: mizinga mizito ilikaa katika etaji ya chini, ya kadiri katika etaji ya pili, na midogo juu kabisa.

La pili: mbavu za merikebu hazikupanda wima. Kutoka kwenye usawa wa maji zilikwenda zikiinama kuelekea ndani. Hivi mizinga ya juu ilikaa karibu na katikati ya chombo kuliko ile ya chini, na uzito wake haukuvuta sana upande.

La tatu: madirisha ya mizinga ya chini yalipaswa kuwa juu ya maji kwa kadiri ya kutosha. Hapa ndipo ugumu ulipo. Ukiyaweka juu sana, uzito unapanda, chombo kinayumba. Ukiyaweka chini sana, mawimbi yanaingia, na siku ya upepo ni lazima kuyafunga; basi mizinga yako mikubwa imekuwa bure.

Hii haiko hadithi ya kuogopesha tu. Tarehe 10 agosti 1628, merikebu mpya ya mfalme wa Sweden, jina lake Vasa, ilitoka bandarini Stockholm kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na mapambo mengi na mizinga mizito juu ya chombo chembamba. Haikuenda hata kilometre mbili. Upepo mdogo uliilaza upande, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Mafundi wa karne ya Sané walikuwa wamekwisha kujifunza kuhesabu mambo hayo kwenye karatasi kabla ya kukata mti wa kwanza. Borda na wenzake waliingiza hesabu katika shantie za merikebu, na fundi alitakiwa kwanza kusoma shule.

V. MIZINGA NA NGUVU YAKE

Wafaransa waliita mzinga kwa uzito wa risasi yake, wakipima kwa livre ya zamani ya Paris, iliyokuwa karibu gramu 490. Risasi ilikuwa pira la chuma, halikuwa na baruti ndani. Merikebu ya jamaa ya Téméraire ilibeba:

- etaji ya chini: mizinga 28 ya livre 36 (risasi moja kilo 17.6);
- etaji ya pili: mizinga 30 ya livre 18 (risasi moja kilo 8.8);
- juu, mbele na nyuma: mizinga 16 ya livre 8 (risasi moja kilo 3.9).

Jumla: 28 + 30 + 16 = 74.

Risasi ya livre 36 ilikuwa na uzito wa karibu bidoni ya litre 20 iliyojaa mafuta ya mawese. Fikiri sasa bidoni hiyo ikiruka na kupiga ukuta wa mbao! Mara nyingi chuma chenyewe hakikuua watu wengi. Vipande vya mbao vilivyopasuka na kuruka ndani ndivyo vilivyoua na kukata watu.

Tuhesabu nguvu ya ubavu mmoja, maana merikebu ilipiga kwa upande mmoja:

14 x 36 = 504
15 x 18 = 270
8 x 8 = 64
Jumla: livre 838, ni kusema karibu kilo 410 za chuma kwa mara moja.

Merikebu ya kawaida ya mizinga 74 ya Waingereza ilikuwa na mizinga 28 ya ratili 32 za Kiingereza, 28 ya ratili 18, na 18 ya ratili 9. Kwa ubavu mmoja ni ratili 781, karibu kilo 354.

Basi kwenye karatasi Mfaransa alishinda. Merikebu yake ilikuwa ndefu zaidi, mara nyingi ilikwenda mbio zaidi, na ilitupa chuma kilo 56 zaidi kila mara. Baadaye mizinga mifupi na minene iliongezwa juu kwa kupiga karibu. Waingereza ndio walioianzisha mnamo 1779, Wafaransa wakafuata.

Kila kitu iko na bei yake. Merikebu hizi ndefu zenye mbavu nyepesi zilijipinda kwa miaka: katikati iliinuka, ncha mbili zikashuka. Waingereza walipozikamata walisifu mwendo wake, lakini walilalamika kwamba zinaomba kutengenezwa mara kwa mara.

VI. KAZI YA MZINGA MMOJA

Mzinga wa livre 36 ulikuwa juu ya gari dogo la mti lenye magurudumu manne. Watu kama 14 waliutumikia. Kazi yao ilikuwa hii:

1. Kupangusa ndani kwa sponji yenye maji, kwa kuzima cheche za moto zilizobaki.
2. Kutia mfuko wa baruti na kuusukuma mpaka mwisho.
3. Kutia risasi, na kifungo cha kamba kuukuu kisiiache ianguke.
4. Kuvuta kamba wote pamoja mpaka mdomo wa mzinga utoke dirishani.
5. Kutoboa mfuko wa baruti kwa chuma kinachopita katika tundu la juu, na kutia baruti laini pale.
6. Kulenga, kungojea wimbi, kuwasha.

Hapo mzinga uliruka nyuma kwa nguvu mpaka kamba nene ikaushika. Mwanafunzi wa fizika anajua sababu: nguvu inayosukuma risasi mbele inasukuma mzinga nyuma kwa kadiri ile ile. Mtu aliyesimama vibaya alivunjwa miguu. Na yule aliyesahau namba 1, baruti mpya iliwaka mikononi mwa mwenzake.

Haya yote yalifanywa gizani, katika moshi, kelele na damu, chombo kikiyumba. Basi wakati wa kupiga ulitegemea mazoezi kabisa. Tuseme merikebu A inatupa kilo 410 kila dakika 4, na merikebu B inatupa kilo 354 kila dakika 2. Baada ya dakika 12:

A: 3 x 410 = kilo 1,230
B: 6 x 354 = kilo 2,124

Merikebu zaifu kwenye karatasi imekuwa yenye nguvu. Tusisahau hesabu hii, tutaihitaji.

VII. JAMBO LA KWANZA: PLANI HAICHAGUI KAZI YAKE

Duguay-Trouin iliingia majini mwaka 1800 huko Rochefort. Safari yake moja inatuhusu sisi Waafrika.

Katika visiwa vya Antilles Ufaransa ilikuwa na koloni tajiri iliyoitwa Saint-Domingue, leo ni nchi ya Haiti. Sukari na kahawa zililimwa kule na watumwa karibu nusu milioni. Wengi walikuwa wamezaliwa Afrika, na katika miaka ya mwisho sehemu kubwa walitolewa kwenye pwani ya Kongo na Angola. Mwaka 1791 waliasi. Mwaka 1794 serikali ya Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake. Lakini Napoleon Bonaparte alipopata mamlaka alituma jeshi kubwa chini ya jenerali Leclerc, lililofika mwanzo wa 1802, na mwaka ule ule sheria ikarudisha utumwa. Jeshi lile lilibebwa na merikebu za mstari, na kati yake ziko nyingi za mizinga 74.

Toussaint Louverture, kiongozi wa watu weusi, alikamatwa kwa hila, akapelekwa Ufaransa, akafa gerezani kwa baridi na ugonjwa tarehe 7 aprili 1803. Lakini watu wake hawakukubali tena mnyororo. Waliendelea kupigana chini ya Dessalines, na homa ya manjano iliua askari wa Ufaransa kwa maelfu, hata Leclerc mwenyewe. Mizinga ya livre 36 iliweza kubomoa nyumba za pwani; milimani haikufika.

Katika julai 1803 Duguay-Trouin ilikuwa imefungiwa na Waingereza katika bandari ya Cap-Français kule kule. Ilitoka pamoja na ndugu yake wa plani ile ile, Duquesne. Duquesne ilikamatwa, Duguay-Trouin ikaponyoka, ikarudi Ulaya. Tarehe 18 novemba Wafaransa walishindwa vita vya Vertières, na tarehe 1 januari 1804 Haiti ilitangaza uhuru wake.

Sané alichora chombo kizuri. Plani yake haikuwa na neno la kusema juu ya mahali chombo kitakapotumwa, wala kwa kusudi gani. Neno hilo lilikuwa la watu wenye kutoa amri, na siku ya kulipa, mabaharia na askari ndio waliolipa kwa maisha yao.

VIII. JAMBO LA PILI: PLANI HAIFUNDISHI WATU

Tarehe 21 oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar katika Hispania, Wafaransa na Wahispania walikutana na Waingereza wa admirali Nelson. Upande wa Villeneuve, admirali Mfaransa, zilikuwa merikebu za mstari 33. Upande wa Nelson zilikuwa 27. Kati ya 18 za Ufaransa, 14 zilikuwa za mizinga 74. Jioni upande wa Villeneuve ulikuwa umepoteza merikebu 18. Waingereza hawakupoteza hata moja.

Juu ya nini? Turudie hesabu yetu ya A na B. Tangu mapinduzi ya 1789 maofisa wengi wazoefu wa Ufaransa walikuwa wamekimbia nchi au kufukuzwa. Waingereza walifunga bandari za Ufaransa miaka na miaka. Merikebu za Sané zilikaa zimefungwa kwa kamba, na watu wake wakakosa bahari ya kujifunzia. Waingereza, kwa kuwalinda, walikaa nje katika mvua na mawimbi, wakafanya mazoezi ya mizinga. Tena wao walitumia kifaa cha jiwe la moto kuwasha mzinga mara moja ofisa akiona wimbi linafaa. Kisha walipenda kulenga mwili wa merikebu, wakati Wafaransa mara nyingi walilenga milingoti na matanga.

Lakini iko mfano mmoja wa kutufundisha. Merikebu Redoutable, nayo ya plani ya Sané, ilikuwa na kapiteni Lucas. Huyu alijua kwamba bandarini hawezi kuwafundisha watu wake vita vya mbali. Basi aliwafundisha kile kilichowezekana: kupiga bunduki kutoka juu ya milingoti, kutupa mabomu ya mkono, kurukia merikebu ya adui. Siku ya vita Redoutable ilishikamana na merikebu ya Nelson mwenyewe, Victory, yenye etaji tatu. Risasi ya bunduki kutoka Redoutable ilimpiga Nelson, akafa mchana ule ule. Nao walilipa sana: Lucas aliandika kwamba kati ya watu wake 643, wafu walikuwa 300 na wenye vidonda 222. Chombo chenyewe kilizama baada ya vita. Plani ilikuwa ile ile ya ndugu zake; watu wake walikuwa wamefundishwa kazi yao, na tofauti ilionekana.

IX. BENDERA MBILI

Duguay-Trouin ilitoka Trafalgar pamoja na merikebu zingine tatu. Tarehe 4 novemba 1805 Waingereza walizikuta karibu na rasi ya Ortegal, wakazikamata zote nne. Waliita Duguay-Trouin jina jipya, Implacable, wakaitumia vitani miaka mingi. Mwaka 1855, ikiwa imekwisha kukoma kupigana, iligeuka shule ya vijana wa baharini. Ndani ya etaji zile zile ambamo watu walikufa, vijana wa umri wetu walijifunza kufunga kamba, kusoma na kuhesabu.

Baada ya vita ya pili ya dunia mbao zilikuwa zimeoza, na fedha za kuitengeneza hazikupatikana. Kwa hiyo mwaka 1949 waliipeleka kuzama. Bendera mbili zilikuwa kwa heshima ya mataifa mawili: moja liliijenga, moja liliitumia. Mapambo yake ya nyuma na sanamu yake ya mbele yanatunzwa mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya bahari ya Greenwich, Uingereza.

Basi wasomaji, tumejifunza nini? Uzito ukae chini. Kipimo kiwe kimoja. Usitafute kikubwa kupita vyote. Tafuta kinachofaa kazi. Hayo plani iliweza. Lakini mtu anayepewa chombo kizuri, kiwe merikebu, kiwe mashini, kiwe kitabu, asiseme: "Sasa nimekwisha." Bado mawili: kujifunza kukitumia kila siku, na kujiuliza ni kwa kazi gani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini merikebu ya etaji tatu haikuwa nyingi katika mstari?
2. Eleza kwa mchoro sababu ya mbavu za merikebu kuinama kuelekea ndani.
3. Merikebu C inatupa kilo 410 kila dakika 3, merikebu D kilo 354 kila dakika 2. Katika dakika 30 nani ametupa chuma kingi zaidi, na kwa kilo ngapi?
4. Vasa ilizama juu ya nini? Fundi angalifanya nini?
5. Kapiteni Lucas hakuwa na bahari ya kujifunzia. Wewe unakosa nini katika masomo yako, na unaweza kufanya nini na kile ulicho nacho?